Kipini cha Krupali

Jino la Labhuben lilivunjwa na punje ya changarawe iliyojificha kwenye dengu, Jumapili mchana, nyumba nzima ikiwa imekaa kula.

Aliitema kiganjani. Ilikuwa ndogo, haizidi kichwa cha njiti ya kiberiti, lakini alipoitazama alisahau maumivu ya jino. Katika nyumba ile dengu zilichambuliwa na mumewe, Batukbhai, tangu walipohamia mji wa Surat wakiwa maharusi. Majirani walimcheka: mwanamume mzima, kila Jumapili asubuhi ameketi sakafuni na sinia mapajani kama mwari. Naye aliwajibu kwamba wiki nzima anachambua mali ya watu, wamwache siku moja achambue yake. Alikuwa mkata almasi. Jicho lake lilizoea kuona mkwaruzo ambao mtu mwingine asingeuona hata kwa kioo cha kukuzia. Changarawe kwenye dengu, kwake yeye, ilikuwa kama ng'ombe aliyesimama katikati ya barabara.

"Nini, Mama Krupali?" aliuliza Batukbhai, tonge la mkate wa uwele likiwa njiani kuelekea kinywani.

"Nimejiuma ulimi," alisema Labhuben, akafumba kiganja.

Tangu hapo akaanza kumchunga mumewe kama mtu anavyochunga maziwa yaliyo motoni. Batukbhai alipomimina chai kwenye kisosi, kidole gumba kilitangulia kushika ukingo, ndipo chai ikafuata. Kadi za mwaliko wa harusi ya binti yao zilipoletwa kutoka kwa mchapaji, alimpa Krupali mwenyewe amsomee, akidai sauti ya bibi harusi ni tamu kuliko maandishi. Mchana wa jua kali alitembea akipapasa ukuta. Magharibi, jua likishatulia, alikuwa na nafuu. Na ile miwani! Aliisugua kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua, akaisugua tena, kana kwamba uchafu uko kwenye kioo. Siku moja alipokuwa ameinama kufunga kanda za makubadhi, Labhuben akamkaribia akijifanya anaokota ufagio. Aliona mboni ya jicho la kulia imeingia ukungu, kama tone la maziwa lililoanguka kwenye maji.

Mtoto wa jicho. Mama yake Labhuben, kule kwao Amreli, aliwahi kuupata ugonjwa huo. Akapasuliwa, akafungwa kitambaa, akarudi zake kwenye pamba. Lakini mama yake alikuwa akipalilia pamba, hakuwa akikata almasi.

Kwenye karakana ya Batukbhai, wanaume wanne huketi kuizunguka ghanti moja, sahani ya chuma inayozunguka kwa kasi, imepakwa mafuta na vumbi la almasi, kwa kuwa almasi haisuguliki ila kwa almasi mwenzake. Kila mmoja ana mto wake wa kukalia. Mto ndio kiti, na kiti ndiyo kazi. Maadamu mto wako upo pale, hakuna anayethubutu kuukalia, hata ukienda kijijini likizo nzima. Kabla ya hapo palikuwa na mwenzao mmoja, Devshibhai. Alikwenda kupasuliwa jicho, akarudi na miwani myeusi na bashasha tele, akakuta mto wake umewekwa juu ya rafu ya viatu, na kijana mgeni ameketi mahali pake. Hakuna aliyemwambia neno. Aliuchukua mto, akautia kwapani, akateremka ngazi. Sasa analinda lango la jengo moja upande wa stesheni, na mto anaokalia ni ule ule.

"Jicho lililopasuliwa halikati," alikuwa amesema msimamizi wa karakana, Arjanbhai, na neno hilo likakaa kwenye vichwa vya watu kama sheria.

Huyo Arjanbhai sasa alikuwa anakuwa mkwe. Kijana aliyemposa Krupali, Nikunj, alikuwa mtoto wa dada yake. Na nyakati zenyewe zilikuwa mbaya. Huko mbali watu hawakununua almasi kama zamani, karakana nyingine za mtaa wao wa Varachha zilikuwa zimefungwa kabisa, na msimamizi hakuhitaji sababu kubwa ya kumpumzisha mtu.

Labhuben alijaribu mara moja.

"Baba Krupali, twende kwa daktari wa macho. Akutazame tu."

"Anitazame nini? Naona."

"Unaona nini?"

"Namwona mwanamke anayetaka nikalinde lango."

Mficha maradhi kilio humfichua, aliwaza Labhuben, lakini nani wa kumwambia, na lini, huku kadi zimeshagawiwa na upande wa bwana harusi umeshalipia matarumbeta?

Basi kikaja kipini.

Kwa watu wa ghanti ile kulikuwa na desturi yao. Binti wa mmoja wao akiolewa, jiwe la kipini chake cha pua hukatwa na baba yake kwa mkono wake. Batukbhai alikuwa na jiwe ghafi alilolinunua Krupali alipozaliwa, dogo kama chembe ya chumvi ya mawe, likakaa miaka yote ndani ya karatasi iliyokunjwa, chini ya picha ya mungu Lakshmi. Kwa kawaida almasi moja hupita mikono mingi. Mmoja huifanya duara, mwingine hukata kichwa, mwingine hukata tumbo, yaani zile nyuso za chini zinazochongoka kuelekea nchani. Kila mkono huona kosa la mkono uliotangulia. Batukbhai alikuwa mtu wa tumbo, na sifa zake zilijulikana. Lakini safari hii alisema jiwe halitaguswa na mwingine, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Hata Baba Mdogo Popat?" aliuliza Krupali. Popatbhai alikuwa akiketi mkono wa kulia wa Batukbhai kwenye ghanti tangu ujana wao.

"Popat amekata ya binti zake. Mimi nikate yako. Au unataka uende kwa mume na jiwe la kuazima?"

Krupali alicheka, akaupiga kofi mkono wa baba yake. Labhuben hakucheka. Alikumbuka Krupali akiwa mdogo, amekaa miguuni pa baba yake, akiuliza kwa nini almasi inawaka na haina moto. Batukbhai alimweleza vizuri kiasi kwamba hata yeye Labhuben, aliyeishia darasa la nne, hakusahau.

"Mwanga ni mgeni," alimwambia. "Unaingia kwa mlango wa juu. Kazi yangu mimi ni kuujengea ukuta wa nyuma, ili ugonge huku, ugonge huku, urudi kwa mlango ule ule ukicheka. Ukuta ukisimama wima mno, au ukilala mno, mgeni anapata upenyo. Anatokea nyuma bila kuaga. Wewe uliyekaa mbele unabaki unatazama nyumba yenye giza."

"Sasa kwa nini watu wanajenga vibaya?"

"Kwa uroho, mwanangu. Jiwe linauzwa kwa uzito. Bosi amekusimamia mgongoni: usipunguze uzito, usipunguze uzito. Basi unaliachia tumbo. Linakuwa zito, na linakufa."

Siku Batukbhai alipolileta jiwe nyumbani limekwisha, alipanda ngazi akiimba. Akamwekea Labhuben kikaratasi mkononi, akakaa, akavua miwani.

Labhuben alikwenda nalo dirishani, upande ambao jua halipigi moja kwa moja, kama wanavyofanya wenye kazi. Akaliweka kwenye bonde la ngozi kati ya vidole viwili. Pembeni liliwaka. Katikati palikuwa na duara jeusi, kama kichwa cha msumari. Aligeuza mkono huku, akageuza kule. Giza halikuondoka. Tumbo lilikuwa nene. Mkono wa Batukbhai, uliposhindwa kuongozwa na jicho, ulikuwa umefuata kile ulichofundishwa kwa kelele miaka yote: usipunguze uzito.

"Vipi?" aliuliza Batukbhai nyuma yake.

"Linawaka."

"Kweli?"

"Linawaka, Baba Krupali."

"Katikati?"

"Pote."

Alimsikia akishusha pumzi. "Mimi niliona kama... Basi. Itakuwa taa ya pale kazini, inaninyima raha siku hizi."

Labhuben alikunja karatasi polepole ili asigeuke haraka.

Katika harusi nyingine mtu anaweza kumpeleka bibi harusi na kipande cha chupa puani na hakuna atakayejua. Harusi za Varachha si hivyo. Ukumbi mzima ni wakata almasi, wapima almasi na wauza almasi, na kila mwanamume wa pili ana kioo cha kukuzia mfukoni kama wengine wanavyobeba kitana. Wanawake nao wamezaliwa humo. Bibi harusi akiinua uso tu, watu mia wanakisoma kipini kabla ya kuutazama uso wenyewe. Na kiti cha mbele kabisa kitakuwa cha Arjanbhai, mjomba wa bwana harusi. Atakitazama mara moja. Atajua ni kazi ya nani, maana desturi ya ghanti ile anaijua. Na atajua jicho la nani limekwisha.

Labhuben hakulala vizuri, na asubuhi, mumewe alipotoka kugawa kadi zilizobaki, alijifunga sari ya kutokea akaenda kwa Popatbhai.

Alimkuta mlangoni, ameshika kisosi cha chai, na bakuli la vitafunio vya unga wa dengu pembeni.

"Karibu, shemeji! Umekuja kuniambia harusi imevunjika, au sukari imewaishia?"

"Usitaje kuvunjika mdomoni mwako, Popatbhai."

"Basi ni sukari."

Labhuben aliweka kikaratasi juu ya stuli. Popatbhai alikifungua, akatoa kioo chake, akainama. Alipoinuka, mzaha ulikuwa umemtoka usoni.

"Ameliachia tumbo," alisema.

"Unajua sababu?"

"Shemeji, mimi nakaa naye bega kwa bega. Tangu mvua zilizopita mawe yake nayapitia mimi jioni, kabla hayajapelekwa kwa msimamizi. Nasugua kidogo hapa, kidogo pale. Yeye akienda kunawa mikono, mimi na wenzangu tunagawana."

Labhuben aliketi kwenye kizingiti bila kukaribishwa. "Tangu mvua? Mbona hamkuniambia?"

"Na wewe mbona hukutuambia?"

Walitazamana. Ndani, mke wa Popatbhai alikuwa akitwanga pilipili kwenye kinu.

"Hili sikulipitia," alisema Popatbhai, "kwa sababu hakuliacha mezani hata dakika. Alikuwa analitia mfuko wa shati, juu ya moyo. Ningefanyaje?"

"Lipitie sasa."

"Hili ni jiwe la baba mtu, shemeji. Kwetu hatugusi."

"Arjanbhai ataketi mbele."

Popatbhai alikuna shingo. Alilishika tena jiwe, akaligeuza. "Nikilipunguza tumbo, uso utabaki vile vile. Anayelitazama hataona tofauti ya ukubwa. Litapungua uzito tu."

"Uzito na uende zake."

"Na yeye?"

"Hataona," alisema Labhuben, na neno lilipomtoka likamchoma kuliko lile jino.

Siku ya harusi jua liliwahi. Mabanda ya maua yalikuwa uani kwa ukumbi wa ukoo, chini ya turubai lenye upenyo upande mmoja, na wapishi walikuwa wakichochea masufuria ya maziwa tangu alfajiri. Krupali aliletwa na wajomba zake, ameinamisha kichwa chini ya ushungi. Alipoketi na kuinua uso, Labhuben aliusikia ukumbi ukivuta pumzi. Kile kipini! Kila Krupali alipotikisa kichwa, kilirusha cheche nyeupe, kisha nyekundu, kisha kijani, kama kaa linalopulizwa. Wanawake waligusana viwiko.

"Baba yake kamkatia," alisema mmoja.

"Jamani, huyu mzee ana mkono!"

"Mwanangu ataolewa mwaka kesho. Nimlete kwa Batukbhai nimwambie amfanye bintiye?"

Labhuben alitabasamu na kuitikia. Alimtazama Arjanbhai. Alikuwa ameegemea mbele, macho yamekwama puani kwa bibi harusi, kichwa kikitikisika taratibu kwa ridhaa.

Ikafika zamu ya wazazi kumkabidhi binti. Batukbhai na Labhuben waliketi chini, uso kwa uso na Krupali, karibu kiasi cha kuhisi pumzi yake. Mkuu wa ibada alisoma. Batukbhai alishika mkono wa kulia wa binti yake, tayari kuuweka kwenye mkono wa Nikunj. Krupali, machozi yakimlengalenga, aligeuza uso kidogo kumtazama baba yake, na jua lililopenya kwenye turubai likampata.

Batukbhai alirudi nyuma kama mtu aliyemwagiwa maji.

Alivua miwani. Akamsogelea binti yake, akainamisha kichwa chake upande, upande, akifuata ile cheche. Watu walidhani analia, na wanawake wengine wakaanza kulia pamoja naye.

"Mkono, mzee," alinong'ona mkuu wa ibada. "Mkono wa binti."

"Ndiyo," alisema Batukbhai. "Mkono." Akaukabidhi.

Ibada ilipokwisha na watu kwenda kunawa, alimvuta Labhuben nyuma ya mapipa ya maji ya kunywa.

"Nani kalikata?"

"Wewe."

"Mama Krupali."

Labhuben aliinama, akaanza kukunja pindo la sari.

"Nilipolimaliza niliona giza katikati," alisema Batukbhai, si kwa hasira. "Nikajiambia giza hilo ni la jicho langu, jiwe halina kosa. Nikaja nikakuuliza. Ukasema linawaka pote."

"Ungejisikiaje nikisema..."

"Ngoja. Leo nimeliona. Kwa jicho hili hili, lililojaa moshi, nimeliona linanipiga usoni. Basi lile giza lilikuwa la jiwe."

"Lilikuwa la jiwe."

"Nami sikujua lipi la jiwe na lipi langu." Midomo ilimcheza kama mtu anayehesabu. Kisha akageuka ghafla. "Na mengine? Ya kazini?"

"Muulize Popatbhai."

Hakuhitaji kumuuliza. Labhuben aliona uso wake ukielewa, na akatamani angekuwa amempiga kofi badala ya kumwambia hivyo.

Hapo ndipo Arjanbhai alipotokea, kikombe cha maziwa mkononi, shati jeupe limemkaa vizuri tumboni.

"Batukbhai! Umejificha wapi, mzee? Nimetoka kumwambia dada yangu, huyu uliyempata si mkwe, ni hazina. Kipini kile! Miaka mingapi sijaona tumbo limekaa hivyo. Na wewe mjanja, kazini unaniletea mawe ya kawaida, ya kwako ndiyo unayatia roho."

"Arjanbhai..."

"Ngoja nimalize. Nimepokea mawe makubwa. Ya mteja mkali, hataki uzito, anataka mwanga. Sina mtu wa tumbo ninayemwamini. Tukirudi baada ya mapumziko ya mwaka, hamisha mto wako, njoo ghanti ya dirishani."

Popatbhai alikuwa amefika nyuma yake na sahani ya vitamutamu. Alisimama pale pale, kama aliyekanyaga mwiba.

Ghanti ya dirishani! Labhuben alijua mumewe ameitamani tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Aliona kidevu cha Batukbhai kikiinuka kidogo, akaona jinsi lile neno lilivyompendeza. Na papo hapo akaona yatakayofuata: jiwe kubwa la mteja mkali, na mkono usioona ukiliegemeza kwenye chuma. Popatbhai hangeweza kulipitia hilo jioni. Jiwe la namna hiyo likiharibika halifichiki, na msimamizi aliyedanganywa harusini hatabaki msimamizi tu, ni mjomba wa nyumba aliyokwenda binti yake. Yote hayo ameyajenga yeye, kwa kikaratasi kimoja juu ya stuli.

"Msimamizi, mwache mzee ale kwanza," alisema Popatbhai, akisukuma sahani katikati yao. "Mtu anamtoa binti, wewe unampa mawe! Chukua hiki cha lozi, kitakufunga mdomo."

"Wewe ndiye wa kufungwa mdomo, Popat," alicheka Arjanbhai. "Haya, Batukbhai, tumekubaliana?"

Batukbhai alikuwa bado ameshika miwani mkononi.

"Lile jiwe si kazi yangu," alisema. "Nililikata, likawa na giza. Popat akalikata upya. Tumbo unalolisifu ni lake."

"Acha unyenyekevu, mzee."

"Nitazame."

"Nikutazame nini?"

"Nitazame jicho. La kulia."

Arjanbhai alisogea. Kwa mazoea tu, mkono wake uliteremka mfukoni kutafuta kioo cha kukuzia, ukakigusa, kisha akauondoa kwa aibu. Alitazama hivyo hivyo. Alitazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama jiwe ambalo mwenyewe hajasema bei.

"Tangu lini?"

"Kabla ya mvua zilizopita."

"Na mawe yangu?"

"Mawe yako yote yametoka salama," alidakia Popatbhai, "nilikuwa mimi kila jioni..."

"Sijakuuliza wewe!" Sauti ya Arjanbhai ilipanda, na wanawake wawili waliokuwa wakichota maji wakageuka. Akaishusha. "Ghanti nzima inanichezea, mimi nakaa ofisini kama sanamu."

Labhuben alijikuta amesimama mbele ya mumewe. "Arjanbhai, mwenye kosa ni mimi. Mimi ndiye niliyelipeleka kwa Popatbhai, mume wangu hakujua mpaka leo pale mbele ya watu. Nakuomba, msimhesabie binti yangu."

Arjanbhai alimtazama kama aliyemwona kwa mara ya kwanza. "Binti ameshakuwa wetu. Hilo usilitaje tena, dada." Kisha akamgeukia Batukbhai, na hapo sura yake haikuwa ya mkwe tena. "Kuhusu mto wako, sijui. Mimi nina wenye mali juu yangu. Kapasuliwe. Tukifungua baada ya mapumziko, uje ukate jiwe moja mbele yangu. Tumbo tu. Likiwa na giza..."

Aliyanywa maziwa yake yote kwa mkupuo, akarudi kwa wageni, na dakika mbili baadaye walimsikia akicheka na mtu kwa sauti.

"Ungenyamaza tu," alisema Popatbhai, akiwa bado na sahani. "Ghanti ya dirishani, bwana! Tungepanga namna."

"Namna gani? Uje na wewe ukae mapajani mwangu?"

"Ningekaa."

Batukbhai alicheka kidogo, kicheko kilichokatika katikati. Alichukua kitamu cha lozi, akakimega, akampa mkewe kipande. Labhuben alikitafuna upande usio na jino bovu. Hakikuwa na ladha yoyote.

Waliagana na binti yao alasiri. Mpaka gari linapinda kona, Labhuben aliendelea kukiona kile kipini kupitia kioo cha nyuma, na hakujua kama anakishukuru au anakilaani.

Hospitali ya macho ilikuwa ya wafadhili, nje ya mji, na foleni ilianzia kwenye mlango wa geti. Wazee wa vijijini walikaa kwenye mabenchi, kila mmoja amebandikwa plasta juu ya jicho litakalopasuliwa, ili daktari asikosee. Batukbhai alivalishwa joho la kijani lililomfika magotini. Alikuwa ameshika simu sikioni, akimsikiliza Popatbhai, na Labhuben aliisikia sauti ile inayovuma kama redio.

"Leo tumefunga karakana kwa mapumziko, mzee. Yule kijana wa ghorofa ya chini alikuja kuupapasa mto wako. Nikaukalia. Nimekaa juu ya mito miwili kama bwana harusi. Nimeondoka nao wote, uko kwangu."

"Mto ukitoka karakanani si kiti tena, Popat."

"Utarudi. Nitaurudisha mimi kwanza kabla ya mtu yeyote kufika."

"Na nikikata jiwe likawa na giza?"

Kwa mara ya kwanza sauti ya Popatbhai ilishuka. "Hapo tutaona," alisema.

Waliitwa. Daktari alikuwa msichana, labda umri wa Krupali, amejifunga kitambaa mdomoni. Alimshika Batukbhai kiwiko.

"Baba, unaogopa?"

"Naogopa. Lakini nina ombi moja."

"Sema."

"Usijali uzito. Toa chochote unachotaka, mradi mwanga upite."

Daktari alimgeukia Labhuben, akingoja aelezwe. Labhuben alitikisa kichwa tu, akamvua mumewe miwani. Mlango wa kusukuma ukafunguka, ukameza lile joho la kijani, ukapepea mara kadhaa, ukatulia.

Alibaki na miwani ya mumewe mkononi. Alikaa kwenye benchi kati ya wake za watu, akashika pindo la sari, akaanza kuisugua. Aliiinua kwenye mwanga, akaishusha, akaisugua tena, ingawa haikuwa na uchafu wowote.